Karoboti Hakuwekewa Waya wa Aibu

Jumanne, Februari. Mtaa wa Dallas, Embu.

Jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi la barabara ya nyuma limeingia hadi kwenye kabati la vyombo. Mwanangu Wawira ameenda shule. Baba yake, Nyaga, ameenda shule pia, mmoja kusoma na mwingine kufundisha jiografia. Mimi nimebaki na ovena inayopoa na simu ambayo sitaki kuishika.

Sitaki kuishika kwa sababu ya video.

Wengi mnaosoma hapa hamjaiona, na ningependa ibaki hivyo, lakini nusu ya Embu imeiona. Inaonyesha keki nyeupe ya ghorofa nne ikiinama polepole kama mtu anayesinzia kanisani. Kisha ghorofa mbili za juu zinateleza na kuanguka. Mtu anapiga nduru, mwingine anacheka, halafu video inakatika.

Keki ni yangu. Ilikuwa Jumamosi, harusi ya Rwamba, kule Gachoka.

Nimeona niandike jinsi mambo yalivyokwenda, maana kila mtu ana maelezo yake na mengine ni ya kubuni kabisa. Pia nitaandika kuhusu roboti. Najua haviendi pamoja, keki ya harusi na roboti, lakini kwangu vilikutana siku hiyo nyuma ya tenti ya kwaya, na tangu hapo sijaacha kufikiria.

Kwa msionijua: jina langu ni Kendi. Nimezaliwa Ruiri, huko Buuri, nikaolewa Embu. Nilikuwa karani ofisini hapa mjini kwa muda mrefu, na wikendi nikawa naoka keki za siku ya kuzaliwa za watoto wa majirani. Mwaka jana niliacha kazi ili nioke tu. Nyaga alikubali. Mama yangu hakukubali wala hakukataa. Akinipigia simu, mpaka leo huniuliza, "Na huko ofisini mko sawa?" Nami humjibu, "Tuko sawa, mami." Hivyo ndivyo tunavyoelewana.

Rwamba tulifanya kazi naye meza kwa meza. Alipoposwa, hakuuliza mtu mwingine. Alikuja hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaniambia keki ni yangu na hataki kusikia habari za mtu mwingine. Nilifurahi mpaka nikamwagia chai kitambaa cha meza.

Hiyo ndiyo iliyokuwa keki yangu kubwa ya kwanza.

Sasa huyo roboti.

Roboti huyu hayupo. Nyaga alimtunga mwaka jana Wawira alipoanza kuumwa na tumbo asubuhi za shule. Tulimpeleka kwa daktari, daktari akampapasa, akatuambia tumbo ni zima. Baadaye tukajua: mwalimu alikuwa akiwasimamisha watoto mmoja mmoja wasome kwa sauti, na Wawira alikwama kwenye neno moja, darasa likacheka. Kuanzia siku hiyo, kila akifikiria kusimama, tumbo linauma. Ana miaka saba.

Basi Nyaga akaanza hadithi za Karoboti. Hiyo "ka" ya mbele ni ya kwetu, ya kuonyesha kitu ni kidogo. Karoboti ametengenezwa kwa mabati ya zizi lililobomoka, kichwa chake ni sufuria, na anaishi na mama mzee ambaye hana wa kumtekea maji. Kazi yake ni kuteremka mtoni na ndoo na kupanda tena. Na kila hadithi, bila kukosa, anaanguka.

Akianguka, hapigi kelele wala halalamiki. Anasema kwa sauti yake ya bati, ambayo Nyaga anaitoa puani: "Nimeanguka. Maji yamemwagika. Ndoo ni nzima. Narudi mtoni." Siku nyingine ndoo inapasuka, na hapo anasema: "Nimeanguka. Ndoo imepasuka. Siwezi kurudi mtoni. Naomba ndoo." Kisha anasimama mlangoni kwa jirani akisubiri ndoo.

Ni hayo tu. Mimi nilikuwa naosha vyombo nikisikiliza, nikijiambia huyu mwalimu mzima ameshindwa kubuni hadithi yenye mwisho.

Lakini Wawira alizipenda. Jioni moja akauliza, "Baba, kwani Karoboti hasikii aibu?"

Nyaga akafikiria. "Fundi alisahau kumwekea waya wa aibu."

"Atamwekea lini?"

"Waya huo uliisha dukani."

Mtoto alipolala nilimwambia Nyaga hadithi hiyo siipendi. Mtu asiye na aibu ni mtu wa namna gani? Tunataka kulea mtoto asiyeona haya?

Nyaga alikuwa anavua viatu. Akasema, "Aibu anayo tayari, mama Wawira. Anayo mpaka inamuuma tumbo."

Siku chache baadaye mwalimu wa Wawira alinipigia simu akicheka, akitaka kujua Karoboti ni nani. Alikuwa amemsimamisha Wawira asome, Wawira akafika kwa neno gumu, akanyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya puani: "Neno hili limenikwama. Naomba neno hili." Mwalimu akamsaidia, naye akaendelea hadi mwisho wa ukurasa. Tumbo bado humuuma siku mojamoja. Lakini anakwenda.

Nilifurahi kwa ajili ya mtoto, na sikufikiria zaidi. Sikuona kama lilikuwa somo langu mimi.

Labda niseme nilivyolelewa, ndiyo mtaelewa kwa nini.

Nyumbani kwetu Ruiri, jambo likiharibika lilikuwa linafunikwa. Viazi vikishikwa na baridi, baba alikuwa anageuza shamba asubuhi na mapema kabla majirani hawajapita, na hakuna aliyetaja viazi tena. Ng'ombe akifa, mama alikuwa anasema "tulimuuza." Kaka yangu Mutwiri alipoanguka mtihani wa kidato cha nne, matokeo yake hayakuwahi kutajwa mezani. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alitumwa tu kwa mjomba huko Maua "akamsaidie na duka," na huko ndiko alikobaki. Anakuja Krismasi, anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, anakula, anaondoka kabla ya giza. Miaka yote hiyo sijawahi kumuuliza, "Mutwiri, nini kilitokea?" Tungeweza kumuuliza. Mtihani unarudiwa. Lakini jambo ambalo halijatajwa huwezi kulirudia.

Basi Jumamosi.

Keki niliipanga yote hapa nyumbani. Ningeweza kuibeba vipande vipande na kuipanga kule, ndivyo waokaji wengi wanavyofanya, lakini nilitaka ishuke garini ikiwa imesimama, watu waione. Nasema ukweli: nilitaka waseme "ai!" Niliweka keki ndogo za wazazi na za mchungaji kwenye maboksi, zile ambazo maharusi huwapelekea wakubwa, nikazipanga kwenye viti vya nyuma. Keki kubwa nikaishikilia kwenye buti, nimepiga magoti njia nzima kama mtu anayetubu, huku Nyaga akiendesha gari la mdogo wake kwa mwendo wa konokono, Wawira kando yake. Kutoka Embu kuteremka Gachoka unasikia joto likiongezeka kila unapopita kona. Nilisikia. Nikajiambia ni sawa.

Tulifika ikiwa wima. Watu wakasema "ai!" Nilijisikia vizuri sana, siwezi kudanganya.

Meza ya keki ilikuwa chini ya tenti, upande wa magharibi, kwenye kivuli. Aliyeipamba ni msichana wa kampuni ya mapambo, mwenye aproni ya zambarau, ambaye alinisaidia kuiweka na hata kuniletea kitambaa cha kupangusia mikono. Nikaenda kukaa na wageni. Ibada ikawa ndefu. Mchungaji alikuwa na mengi. Jua likapita upande wa pili wa tenti, na kivuli kikahama. Nilikiona kikihama. Nilikuwa nimekaa katikati ya mstari, na kusimama kungenilazimu kuwasumbua wazee wote walioketi upande ule, kwa hiyo nikabaki nimekaa.

Baada ya ibada, maharusi walipoanza kuingia uwanjani wakicheza, niliona mstari mwembamba kwenye krimu, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kama ufa ukutani. Hapo nikasimama. Niliomba njia, nikakanyaga mguu wa mtu, nikafika hatua chache kutoka mezani.

Ndipo zikateleza.

Ghorofa ya juu kabisa ilianguka kwenye nyasi na maua yake ya sukari. Ya chini yake ilipiga ukingo wa meza, ikagawanyika. Muziki ulinyamaza. Rwamba alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mkono wake mmoja bado uko juu vile alivyokuwa anacheza.

Mnataka kujua nilifanya nini?

Nilitembea. Sikukimbia, nilitembea tu kama mtu aliyekumbuka kitu garini, nikapita kwenye matenti mpaka nyuma ya ile ya kwaya, mahali palipokuwa na tangi la maji. Nikasimama hapo. Uso ulikuwa unanichoma na masikio pia. Nilikuwa natafuta kwa macho gari letu liko wapi.

Nyaga alinifuata.

"Nataka twende nyumbani," nikamwambia.

Nilitaraji anikataze, niwe na mtu wa kugombana naye. Yeye akatoa funguo mfukoni. "Sawa. Twende."

Hapo ndipo niliposikia sauti ya mama Rwamba kutoka upande wa pili wa turubai. Ni mwanamke mpole siku zote, lakini siku hiyo alikuwa na wakwe wapya wanamtazama.

"Nani alikuambia uweke meza hapa? Si unaona imeinama? Umeona ulichofanya?"

Na sauti ndogo ikijibu, "Mama, si mimi, mama, meza iko sawa..."

Alikuwa anamgombeza yule msichana wa mapambo. Wengine wakadakia, mmoja akasema ndiyo, alimwona msichana akigusa meza, na mwingine akasema vijana wa siku hizi wakipewa kazi wako kwa simu tu.

Nitaandika na hili. Kwa muda mfupi, nilipumua. Meza! Kumbe ingeweza kuwa meza. Sikuhitaji hata kudanganya. Nilihitaji tu kupanda gari.

Nyaga alikuwa ananitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje.

Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yangu ya kawaida. Ilikuwa imenyooka, imekauka, na sehemu yake ilipitia puani. Sikupanga.

"Keki imeanguka," nikasema. "Ghorofa mbili za juu zimeharibika."

Nyaga akauliza vilevile jirani anavyomuuliza Karoboti kwenye hadithi, bila kucheka. "Umebaki na nini?"

"Ghorofa mbili za chini. Keki za wazazi na za mchungaji, ziko kwa gari."

"Unahitaji nini?"

"Kisu kirefu. Maji moto. Na yule msichana aachwe."

Nilipomaliza kusema hivyo niligundua kwamba machozi yanatoka. Kwa hiyo si kweli kwamba sauti ya Karoboti inaondoa aibu. Mimi waya ninao, mrefu, umefungwa tangu Ruiri, na ulikuwa unawaka wakati huohuo nikizungumza. Lakini niliona mambo mawili yanaweza kwenda pamoja. Uso unaweza kuchoma na mdomo ukaendelea kutaja kilichovunjika na kilichobaki.

Nikarudi uwanjani.

Nilimwendea mama Rwamba kwanza. Niliongea kwa nguvu, kwa sababu waliomlaumu msichana nao walihitaji kusikia. "Mama, meza iko sawa. Huyu dada hajafanya kosa. Keki ni mimi niliyeipanga, na niliipanga vibaya. Niliisafirisha ikiwa imesimama kwa hii barabara, na joto likaimaliza. Nimewaharibia, na naomba msamaha."

Mama Rwamba alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Kendi," akasema, "umeniaibisha mbele ya watu wa wenyewe."

"Ndiyo, mama."

Nilikuwa na maneno mengine tayari, ya ibada ndefu, ya kivuli, ya vile sikulala siku mbili. Niliyameza. Karoboti hajawahi kueleza jinsi mto ulivyo na utelezi.

Halafu nikaenda kwa Rwamba. Huyo ndiye niliyemwogopa kabisa. Alikuwa amekalishwa kitini, wasimamizi wakimpangusa chini ya macho kwa pamba ili vipodozi visishuke. Nilichuchumaa mbele yake.

"Rwamba, mbili za juu zimeisha. Mbili za chini ni nzima. Ukinipa muda wa wimbo mmoja wa kwaya, nitazisafisha, mtazikata. Zitakuwa fupi. Hazitakuwa ulichoomba."

Hakunikumbatia. Hakusema "usijali." Nasema hivi kwa sababu jana mtu aliandika mtandaoni kwamba bibi harusi alicheka, na hakucheka. Alinitazama kwa macho mekundu, akasema, "Toa hayo maua yaliyovunjika. Sitaki kuyaona."

"Nayatoa."

"Na uharakishe."

Nilifanya kazi mbele ya watu wote. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuomba msamaha. Nikiwa jikoni kwangu naweza kuharibu na kulamba kidole na hakuna aliyeona. Pale wageni mamia walikuwa wamenyamaza wakitazama mgongo wangu. Nilichovya kisu kwenye maji moto, nikalainisha krimu, nikatoa maua, nikakata upande uliogongwa. Msichana wa aproni ya zambarau alikuja bila kuitwa akashika sinia. Kwaya iliimba wimbo mmoja, ikaurudia, ikaurudia tena.

Maharusi wakakata keki fupi. MC akasema kitu kuhusu ndoa kuanza chini na kupanda, watu wakacheka, na mimi nikamshukuru huyo mtu moyoni ingawa mzaha wake haukuwa mzuri sana. Keki zilitosha kwa kuonja. Watu walikula. Mzee mmoja aliniuliza kama kuna nyingine.

Tulirudi Embu jioni. Wawira alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, krimu kwenye nywele.

Sasa, siku hizi tatu nimekuwa nikijiuliza Karoboti ananifundisha nini, na wapi hawezi kunifundisha.

Anachoweza ni hiki. Anatenganisha kitu kilichoanguka na yeye mwenyewe. Anasema "ndoo imepasuka," hasemi "mimi ni bure kabisa." Mimi kule kando ya tangi, kabla sijafungua mdomo, sentensi iliyokuwa kichwani haikuwa "keki imeanguka." Ilikuwa "uliacha kazi kwa ajili ya nini?" Hiyo haina jibu. Ukiambiwa keki imeanguka unaweza kutafuta kisu. Ukiambiwa wewe ni bure unatafuta gari.

Na anaomba ndoo. Hilo nililipita mwanzoni. Anasimama mlangoni kwa jirani na kusema hana ndoo, jambo ambalo baba yangu asingelifanya hata kama nyumba inaungua.

Asichoweza ni kuomba msamaha. Sijawahi kumsikia akimwambia yule mama mzee, "Pole, umelala na kiu." Nyaga hajamwekea hilo, na nimemwambia aliweke. Kwa sababu Jumamosi sikuangusha keki tu. Rwamba atakuwa na siku moja ya harusi, na ndani yake kuna hiyo video. Hilo haliwezi kusafishwa kwa kisu na maji moto. Nadhani ndiyo kazi ya waya wa aibu, ukitumika vizuri: unakukumbusha kwamba kuna mtu upande wa pili. Ubaya wake ni pale unapokupeleka kwa gari.

Jana nilimpigia mama Rwamba. Nilimwambia nitawarudishia gharama ya keki, nikaomba msamaha tena bila sherehe. Akasema, "Nimekusikia. Lakini bado niko na hasira, nisikudanganye."

"Uko na haki, mama."

"Yule msichana nimempigia pia," akasema. "Nilimwambia maneno mabaya." Kisha akakata simu.

Halafu nikampigia mama mmoja wa Runyenjes aliyeagiza keki ya shukrani ya kuhitimu kwa mwanawe, mwezi wa nne. Nilitaka asikie kutoka kwangu. Nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri kabisa, akanishukuru kwa kumwambia, na akafuta oda.

Niliweka simu chini. Uso ukachoma tena. Sikujua kama nicheke. Nilikuwa nimefanya vizuri kila kitu, na bado jibu likawa hapana. Nyaga aliporudi nilimwambia, "Oda ya Runyenjes imeenda." Alivua koti, akaketi, akaniuliza tu ilikuwa ya ladha gani.

Leo asubuhi, baada ya kuzungukazunguka nyumba, niliwasha ovena.

Nimeoka keki za kawaida, zisizo na mapambo, ndogo, nikazipanga ghorofa nne kwa njia ileile ya Jumamosi, krimu ileile na vijiti vilevile vya kushikilia ghorofa. Nikaitoa nje kwenye veranda, nikaiweka juani moja kwa moja, nikavuta kiti.

Jirani yangu mama Halima, anayeuza viungo karibu na soko, alikuwa anaanika nguo. Alisimama na shuka mkononi.

"Kendi. Keki juani?"

"Nataka ianguke."

"Subhanallah." Aliacha shuka kwenye beseni, akaja karibu, akaniangalia kama naumwa. "Ile ya Gachoka si ilitosha?"

"Ile ilianguka nikiwa nimekaa mbali. Sikuona ilianzia wapi."

Aliwaza kidogo, akaenda kwake, akarudi na kiti chake na bakuli la njegere za kumenya. Tukakaa. Alimenya, nami nikatazama. Aliniuliza habari za mama yangu, nikamwambia mama anaendelea vizuri na bado ananiuliza habari za ofisini. Alicheka mpaka njegere zikamwagika. Jua lilipanda. Krimu ilianza kung'aa, kisha kutoa jasho. Sikusimama hata kwenda kunywa maji.

"Hapo," mama Halima akasema, na kidole chake kikaelekea mahali ambapo sikuwa natazama.

Nilikuwa natazama juu. Yeye alikuwa anaonyesha chini, kwenye ghorofa ya pili. Vijiti vyangu vya plastiki vilikuwa vimelegea kwa joto, vimeanza kupinda, na ghorofa ya pili ilikuwa inazama upande mmoja kabla hata krimu haijayeyuka. Ya tatu ikafuata. Ya nne ikaja mwisho, ikaanguka kwenye sakafu ya veranda kwa mlio mdogo.

Gari halikuwepo hapa wala barabara. Mama Rwamba nilimwambia barabara ndiyo iliyoiharibu kwanza, na niliamini.

Tumekula iliyobaki na chai, mama Halima na mimi, tukitumia vijiko kwa sababu haikatiki. Halima mdogo akaja kutoka madrasa akala pia. Nimeosha veranda kabla siafu hawajafika. Vile vijiti nimevitupa vyote, hata vipya ambavyo havijafunguliwa, na nimepita kwa fundi seremala wa hapa chini kumwomba anichongee vya mbao. Amesema vitakuwa tayari asubuhi.

Kesho nitaipanga tena hapo nje, ghorofa nne, na nitaketi nione kama itafika jioni.